Jinsi ya Kuutembea Mfumo wa Jua kwa Miguu, kwa Kipimo cha Kweli

Picha ya mfumo wa Jua iliyomo katika vitabu vya shule, ile yenye Jua pembeni na sayari nane zilizotungwa kama shanga kwenye uzi, hufundisha vizuri majina na mpangilio, lakini inapotosha juu ya jambo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni umbali. Mchoraji hana namna ya kuliepuka kosa hilo. Akiichora Dunia kwa ukubwa wa punje ya ulezi, itambidi aiweke Neptuni karibu nusu kilomita kutoka kwenye Jua, na hakuna karatasi inayokunjuka kiasi hicho. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kukariri sayari zote kwa mfuatano, akapata alama kamili katika mtihani, na bado akaamini kwamba Mirihi ni jirani wa kufikiwa kwa juma moja, au kwamba chombo kinachokwenda Zohali huzipita sayari nyingine njiani kama basi linavyopita vituo.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kulisahihisha kosa hilo kwa kamba, vitu vichache vya jikoni na asubuhi moja ya kutembea. Nimeifanya kazi hii mara kadhaa pamoja na watoto na watu wazima, na nimejifunza kwamba kinachobadilisha fikra za watu si tarakimu ninazowatajia, bali ni ule mwendo mrefu wa miguu yao wenyewe ambao hawakuti kitu chochote.

Kipimo

Kipimo ninachokipendekeza ni cha moja kwa bilioni kumi. Kwa kipimo hicho milimita 1 husimama badala ya kilomita 10,000, sentimita 1 badala ya kilomita 100,000, na mita 1 badala ya kilomita milioni 10. Uzuri wake ni kwamba hesabu yake hufanyika kichwani: ukisoma mahali popote kwamba Dunia iko kilomita milioni 150 kutoka kwenye Jua, unaondoa sifuri moja na kupata mita 15. Wapo wanaotamani kipimo kikubwa zaidi ili sayari zionekane vyema, lakini siwashauri, kwa sababu ukiikuza Dunia ifikie ukubwa wa gololi, njia yako yote itakuwa na urefu wa karibu kilomita tano, na watoto watachoka kabla ya kuifikia Zohali.

Mahali na saa

Unahitaji mahali peupe, paliponyooka kwa mita 450. Uwanja wa mpira hautoshi, kwani ukiliweka Jua kwenye mstari wa goli moja, uwanja wenye urefu wa mita 105 utakuwa umekwisha ukiwa umeipita Mshtarii tu, na bado Zohali hujaiona. Bara unaweza kutumia barabara ya vumbi iliyonyooka na isiyo na magari mengi, mradi uwepo mtu mzima kila upande wa kundi. Kwa anayeishi pwani, hakuna mahali panapoushinda ufukwe wakati wa maji kupwa, hasa siku za bamvua, mwezi unapokuwa mchanga au mpevu, kwa kuwa bahari hurudi nyuma sana na kuacha mchanga mgumu unaokanyagika. Katika mwambao wetu maji ya bamvua hufikia kupwa kwake mnamo saa nne asubuhi, nawe unaweza kuanza saa moja kabla na kumaliza kabla maji hayajajaa. Bamvua lenyewe ni somo la kuanzia: siku hizo Jua, Dunia na Mwezi huwa vimejipanga karibu katika mstari mmoja, na mvuto wa Jua hujumlika na ule wa Mwezi katika kuyavuta maji ya bahari.

Kutengeneza Jua na sayari

Anza na Jua, kwa sababu ndilo linalotaka kazi. Kusanya matambara, uyafinyange kwa mikono kama watoto wanavyotengeneza mpira wa chandimu, kisha uyafunge kwa kamba nyembamba ukiizungusha kila upande na kuikaza, huku ukipima kwa futi ya fundi cherehani, hadi mzingo wa mpira ufikie sentimita 44 kasoro kidogo. Hapo kipenyo chake kitakuwa sentimita 13.9, sawa na kilomita 1,392,000 za Jua lenyewe. Balungi lililokomaa linaweza kuwa na ukubwa huo huo, lakini mimi napendelea mpira, kwa kuwa unaweza kuuvika kitambaa cha manjano na kuuchomeka juu ya mti wa mita moja na nusu, na utauhitaji uonekane kutoka mbali.

Sayari utazipata jikoni. Kwa Zuhura na Dunia chukua punje mbili za ulezi, zilizo karibu duara kamili, ukichagua zile ndogo zenye kipenyo cha milimita moja na robo hivi. Zuhura ni ndogo kuliko Dunia kwa kiasi ambacho jicho halitakitambua. Utaridi ni chembe moja ya chumvi, kwa kuwa kipenyo chake katika kipimo hiki ni nusu milimita. Mirihi ni chembe ya mchanga mwekundu yenye milimita 0.7, na ukiipata iliyo nyekundu kweli, watoto hawataisahau. Mshtarii, yenye sentimita 1.4, na Zohali, yenye sentimita 1.2, zifinyange kwa donge la unga wa ngano uliokandwa na uache zikauke kivulini siku mbili. Zohali ikatie pete ya karatasi ngumu yenye upana wa sentimita 2.7 kutoka ukingo hadi ukingo. Urani na Neptuni ni punje mbili za pilipili manga, kila moja ikiwa na milimita 5 hivi.

Kila sayari ibandike kwa gundi kwenye kadi nyeupe iliyokatwa kwenye boksi, uandike jina lake, kisha uipitishie selotepu inayong'aa. Mara ya kwanza niliona kwamba hatua hiyo si ya lazima, nikaiweka punje ya ulezi peke yake juu ya kadi, upepo wa kusi ukaichukua mbele ya macho ya watoto kumi na wawili, na tulipopiga magoti kuitafuta mchangani hatukuipata tena.

Neno kuhusu majina. Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina yaliyoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na utakutana na vitabu vya shule vinavyoiita Utaridi kwa jina la Zebaki na Zohali kwa jina la Sarateni, hivyo amua mapema utakayoyatumia na uwaeleze watoto sababu. Urani na Neptuni hazina majina ya kale ya namna hiyo, kwa kuwa hazikutambuliwa kuwa sayari hadi zama za darubini: William Herschel aliitambua Urani mwaka 1781, na Johann Galle aliiona Neptuni mjini Berlin mwaka 1846 akifuata hesabu za Mfaransa Urbain Le Verrier. Orodha ya majina ya kale inakoma pale pale uwezo wa jicho unapokoma.

Kamba na hatua

Chukua kamba ya mita 30 na uifunge fundo kila baada ya mita 1, na fundo kubwa zaidi kwenye mita 5, 10, 15, 20 na 25. Kama ni kamba ya katani, ipime tena kabla ya kuanza, kwa sababu hubadilika urefu ikilowa. Kamba hiyo inatosha kwa sayari nne za kwanza. Kwa zilizobaki tumia hatua: pima mita 50 kwa kamba, zitembee kwa mwendo wako wa kawaida ukihesabu, na ujue hatua zako ni ngapi. Kwa mtu anayepiga hatua 70 katika mita 50, Neptuni itakuwa kwenye hatua ya 630. Mpe kila mtoto ahesabu mwenyewe, kwani hesabu zao zitatofautiana kwa mita chache na tofauti hiyo haidhuru chochote.

Simika Jua. Kutoka hapo, kwa mstari ulionyooka, weka Utaridi kwenye mita 5.8, Zuhura kwenye mita 10.8, Dunia kwenye mita 15 na Mirihi kwenye mita 22.8. Usiendelee mbele bado. Mita hizi 23 za mwanzo ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya historia ya safari za anga, na zinastahili nusu saa nzima.

Kusimama kwenye Dunia

Mwite kila mtoto asimame kwenye kadi ya Dunia, aunyoshe mkono mbele yake, afumbe jicho moja, na aufunike mpira wa Jua kwa ncha ya kidole chake kidogo. Ataweza. Kutoka mita 15, mpira wa sentimita 14 huonekana kwa ukubwa ule ule ambao Jua lenyewe linao angani, kwa sababu kipenyo na umbali vimepunguzwa kwa kiwango kimoja. Onya kwa ukali kwamba jaribio hili lisifanywe kamwe kwa kulitazama Jua halisi, ambalo huunguza jicho bila maumivu ya kumtahadharisha mtu. Anayetaka kulinganisha na ausubiri Mwezi mpevu, ambao kwa macho yetu una ukubwa karibu sawa na wa Jua, na aufunike kwa kidole hicho hicho.

Kisha chukua penseli iliyochongwa vizuri na utie nukta moja kwenye kadi, sentimita 3.8 kutoka punje ya ulezi. Hiyo nukta ni Mwezi. Umbali huo ni kama upana wa vidole viwili vilivyoshikamana, na ndani yake imo karibu habari yote ya binadamu waliotoka duniani kwa miili yao. Yuri Gagarin, aliyeizunguka Dunia tarehe 12 Aprili 1961 kwa safari ya dakika 108, alipanda hadi kilomita 327, ambazo kwa kipimo chetu ni milimita 0.03. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambacho wanaanga wamekaa humo kwa zamu bila kukatika tangu Novemba 2000, kinazunguka kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, yaani milimita 0.04, na kwa kawaida unywele mmoja wa kichwa ni mnene kuliko hapo. Ng'oa unywele wako, uulaze kando ya punje ya ulezi, na uwaambie watoto kwamba wanaanga wanaoishi kituoni wako chini ya unene huo. Nimewaona watu wazima wakiinama kuitazama kadi hiyo kwa muda mrefu kuliko watoto.

Upande wa pili wa vidole viwili, kwenye ile nukta ya penseli, walifika watu 24 katika safari za Apollo kati ya mwaka 1968 na 1972, na 12 kati yao walikanyaga udongo wa Mwezi, wa kwanza wakiwa Neil Armstrong na Buzz Aldrin tarehe 20 Julai 1969. Apollo 13, ambayo mwaka 1970 ilipata hitilafu na ikalazimika kuuzunguka Mwezi ili irudi salama, ilifika kilomita 400,171 kutoka duniani, sawa na sentimita 4. Hadi Zuhura au Mirihi, ambazo kwenye mchanga ziko hatua chache tu, hakuna mtu aliyewahi kwenda.

Hapa pia ndipo pa kuwaambia watoto wa Afrika Mashariki kwamba safari za anga hazikupita mbali na kwao. Kwenye Ghuba ya Ungwana, karibu na Ngomeni kaskazini mwa Malindi, Waitalia walisimika majukwaa baharini kwa jina la San Marco, na kati ya mwaka 1967 na 1988 roketi zilirushwa kutoka hapo kupeleka setilaiti angani. Mojawapo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru, nayo ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei inayotoka kwenye nyota na vitu vingine vya mbali. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati. Dunia inapojizungusha, mtu aliye kwenye Ikweta huchukuliwa kuelekea mashariki kwa mwendo wa kilomita 1,670 kwa saa, mwendo unaopungua kadiri anavyokwenda kaskazini au kusini, kwa hiyo roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka karibu na Ikweta huanza safari ikiwa imeshapewa mwendo huo bure, tena juu ya bahari ambako vipande vinavyoanguka havimdhuru mtu.

Rula ya mwanga

Mwanga husafiri kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, na hakuna kinachoushinda kwa mwendo. Kwa kipimo chetu, hiyo ni sentimita 3 kwa sekunde. Mpe mtoto mmoja rula ya kawaida ya sentimita 30 na mwingine saa. Rula ilazwe chini ikianzia kwenye Jua, na kila baada ya sekunde 10 ipinduliwe mara moja kuelekea Dunia. Mwanzoni watoto huona ni mchezo, wakifika mapindu 10 huuliza kama wanaweza kuharakisha, na jibu ni kwamba hawawezi, kwa sababu mwanga wenyewe hauwezi. Kwenye pindu la 50, baada ya dakika 8 na sekunde 20, rula itaigusa kadi ya Dunia. Usilifupishe zoezi hili hata kama muda ni mdogo. Atakayeivumilia rula ile hadi mwisho atalielewa bila kuelezwa jambo ambalo kila mhandisi wa vyombo vya anga hulazimika kuishi nalo, kwamba amri inayotumwa kwa redio, ambayo husafiri kwa mwendo wa mwanga, nayo ina safari yake.

Chukua mfano wa chombo Perseverance, kilichotua kwenye Mirihi tarehe 18 Februari 2021. Siku hiyo ishara ilihitaji dakika 11 hivi kutoka Mirihi hadi duniani, ilhali kushuka kwake kutoka juu ya anga ya Mirihi hadi ardhini kulichukua dakika 7. Wahandisi walipopokea habari kwamba kinaanza kushuka, kwa kweli kilikuwa kimeshatua, na kama kingeanguka kingekuwa kimeshaanguka. Kila uamuzi wa kufungua mwavuli na kuwasha injini ulipaswa kuwekwa ndani ya chombo mapema.

Sayari hazisimami

Kosa moja limebaki, na ni kosa la mstari wetu wenyewe. Sayari hazijipangi foleni upande mmoja wa Jua. Tumezipanga hivyo ili tutembee mara moja tu, na usipolisema jambo hili waziwazi, utakuwa umeondoa uongo wa kitabu na kuupanda wa kwako.

Funga kamba mbili kwenye mti wa Jua, moja ya mita 15 na nyingine ya mita 22.8, na uwape watu wawili wazishike mwisho wake, mmoja akiwa Dunia na mwingine Mirihi. Wazunguke upande mmoja, Dunia ikimaliza mzunguko wake wakati Mirihi imepita nusu ya wake kwa kidogo tu, kwa kuwa mwaka wa Dunia ni siku 365 na wa Mirihi ni siku 687. Watazamaji wataona wenyewe kwamba watu hao wawili wakati mwingine hukaribiana kiasi cha kuzungumza, na wakati mwingine Jua huwa katikati yao. Mnamo Agosti 2003 Mirihi ilifika kilomita milioni 56 kutoka kwetu, ambazo ni mita 5.6; lakini inapokuwa upande wa pili wa Jua inaweza kufika kilomita milioni 400, yaani mita 40. Mwanga huvuka umbali wa kwanza kwa dakika 3, na wa pili kwa dakika 22.

Nafasi nzuri ya kwenda Mirihi hurudi kila baada ya miezi 26 hivi, na chombo hakilengi mahali ilipo siku ya kuondoka bali mahali itakapokuwa miezi kadhaa baadaye, kama mwindaji anavyolenga mbele ya swala anayekimbia. Ndiyo sababu Julai 2020 vilirushwa vyombo vitatu ndani ya mwezi mmoja: Al-Amal, maana yake matumaini, cha Falme za Kiarabu; Tianwen-1 cha Uchina; na Perseverance cha Marekani. Vyote vilifika Februari 2021. Njia ya Perseverance ilikuwa na urefu wa kilomita milioni 470 hivi. Ikate kamba ya mita 47, uilaze mchangani kwa upinde mpana kutoka kwenye Dunia hadi mahali Mirihi itakapokuwa imefika, na ueleze kwamba hiyo ndiyo barabara.

Kutoka Mirihi hadi Neptuni

Sasa anza kutembea. Kati ya mita 31 na 49 utakuwa katika ukanda wa vijisayari, ambao picha nyingi huuonyesha umejaa mawe yanayogongana. Kwa kipimo chetu Ceres, kilicho kikubwa kuliko vyote, hakifikii sehemu ya kumi ya milimita, na vyote kwa pamoja havina uzito wa kuufikia hata Mwezi wetu. Vyombo vimeupita ukanda huo mara nyingi bila kugongwa. Usiweke kadi yoyote. Mchanga mtupu unatosha.

Mshtarii iko kwenye mita 78. Zohali iko kwenye mita 143, na hapo ni vyema kusimama na kuvitaja vyombo viwili, Cassini na Huygens. Cassini kiliondoka duniani Oktoba 1997, kikapita karibu na Zuhura mara mbili, Dunia mara moja na Mshtarii mara moja ili kiongezewe mwendo na mvuto wa sayari hizo, na kilifika kwenye Zohali Julai 2004. Chombo kidogo Huygens kilichobebwa nacho kilitua tarehe 14 Januari 2005 kwenye Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, na hakuna mahali pa mbali zaidi ambapo chombo cha binadamu kimewahi kutua. Cassini chenyewe kiliendelea kuizunguka Zohali hadi Septemba 2017.

Kisha hesabu hatua kuelekea mita 287. Hapa ndipo mazungumzo hukatika. Umbali kutoka Zohali hadi Urani unazidi umbali wote kutoka Jua hadi Zohali, na hakuna cha kuonyesha njiani. Urani ikishawekwa, bado mita 163 hadi Neptuni. Chombo kimoja tu kimezitembelea sayari hizi mbili, Voyager 2, kilichorushwa tarehe 20 Agosti 1977, kikaipita Urani Januari 1986 na Neptuni Agosti 1989. Picha za karibu za punje hizi mbili za pilipili manga zilizomo katika vitabu vyote zilitoka katika ziara hizo mbili fupi.

Ukiwa kwenye kadi ya Neptuni, mita 450, geuka nyuma uutafute mpira wa manjano. Mwenye macho mazuri ataona doa dogo lisilo na umbo, na wengine hawataona kitu ila mti, ikiwa wataona hata huo. Ukubwa huo ndio ambao Jua linao kwa anayelitazama kutoka Neptuni. Mwanga uliopigwa rula kutoka kwenye mpira ule ungewafikia hapo baada ya saa 4 na dakika 10.

Nje ya Neptuni

Pluto, iliyoondolewa katika orodha ya sayari Agosti 2006, ina njia iliyorefuka, kiasi kwamba mara nyingine huwa kwenye mita 444, ndani ya Neptuni, na mara nyingine kwenye mita 738. Chombo New Horizons kiliondoka duniani Januari 2006 na kuipita tarehe 14 Julai 2015, ilipokuwa kwenye mita 492.

Kama yupo mwenye baiskeli katika kundi, mtume mbele kilomita mbili na nusu kutoka kwenye Jua, kwa sababu Voyager 1, kilichorushwa Septemba 1977, kimeshapita kilomita bilioni 25, na ishara yake huchukua zaidi ya saa 23 kutufikia. Hakuna chombo kilicho mbali zaidi. Kinakwenda kilomita 17 kila sekunde, na kwa kipimo chetu hiyo ni sentimita 15 tu kwa siku nzima, nusu ya rula.

Nyota iliyo jirani na Jua, Proxima Centauri, haiwezi kuwekwa ufukweni. Iko umbali wa miaka 4.2 ya mwanga, na kwa kipimo kile kile cha mpira wa matambara na punje za ulezi, hizo ni kilomita 4,000. Ukilisimika Jua lako Dar es Salaam, Proxima itakuwa Maskati. Haionekani kwa macho matupu, lakini nyota mbili inazoandamana nazo huonekana kwa pamoja kama nyota moja angavu, Alfa Centauri, karibu na kundi la Msalaba wa Kusini. Kama kazi yako umeifanya kati ya Mei na Julai, watoe watoto nje usiku huo huo, mapema kabla hawajalala, uwaelekeze kusini na uwaonyeshe. Mwanga watakaouona uliondoka huko zaidi ya miaka minne iliyopita, ukija kwa pindu moja la rula kila sekunde kumi.